Theluji ya Baba

Marehemu baba alishikilia mpaka anakufa kwamba aliwahi kuiona theluji ya Kilimanjaro akiwa juu ya kilele cha Hanang. Alikuwa kijana, anafuata ndama aliyepotea, akapanda mpaka mlima ukamwishia. Kwetu Maretadu walimcheka miaka yote. Mama hakucheka, ila hakuwa na uhakika.

"Nataka tu kujua kama nilizaa na mwongo," alituambia mwaka juzi. Ndipo sisi watoto wake watatu tukaamua kupanda.

Mimi ndiye wa mwisho, na nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu kumshinda mwalimu. Mwalimu wa jiografia alishatuambia theluji ile inapungua kila mwaka, kwa hiyo niliwaharakisha sana. Kaka na dada wakaniita Profesa wa Jioni.

Mama alitusindikiza hadi Katesh, chini ya mlima, akabaki kwa mama mdogo kwa sababu ya miguu yake. Alfajiri alitufungia viazi vya kuchemsha vya kulisha wilaya nzima, na mbebaji nikawa mimi. Mlima ule, jamani, haupandwi. Unagombana na wewe. Msituni dada aliteleza kama mara mia nne hivi. Tukatoka msituni tukashika ukingo, na kila tulipodhani tumefika, kilele kingine kikachungulia nyuma yake. Kwenye kilele cha tatu cha uongo dada akakaa.

"Goti limekataa."

"Mbona jana lilikuwa linacheza?" kaka akamwambia, lakini na yeye akakaa.

Mwongozaji tuliyemkodi Katesh akasema atabaki na mgonjwa. Mbele hakuna njia nyingine, nifuate ukingo tu. Nikawaachia mfuko wa viazi.

"Kaka, twende basi. Wewe ndiye mwenye simu ya kamera."

"Tangulia, profesa. Napumua kidogo, nakufuata."

"Nipe simu niende nayo."

"Si nakuja nayo? Nenda bwana!"

Nikaenda. Upepo ulikaribia kunitupa Yaeda Chini. Kileleni nilikuta mawingu yamejaa chini yangu pande zote, nikakaa nikisubiri. Kisha upande wa mashariki yakaachana kidogo, na pale mbali kabisa kikatokea kitu cheupe, kimekaa juu ya mawingu bila miguu. Nilinyoosha mkono nikakipima: kilifunikwa na ukucha wa kidole cha mwisho. Nililia, na hapa siongezi chumvi. Simu yangu ni kitochi: ina taa, haina kamera. Nikamwita kaka mpaka sauti ikakauka. Mawingu yakafunga.

Niliporudi pale nilipowaacha, nilikuta maganda ya viazi.

Nilifika Katesh jioni. Wameshaoga, wanakunywa chai, na kaka anamwonyesha mama picha yake, mikono juu, amesimama kwenye jiwe lile lile alilokalia dada.

"Tumefika wote, mama," alikuwa akisema. "Tumeangalia kila upande. Theluji hakuna. Mzee alituchezea."

Dada alikuwa akiangalia ndani ya kikombe chake.

Nilisahau hata shikamoo. "Mama, wanadanganya! Hawakufika hawa! Mimi nimefika, nimeiona!"

Mama akainua mkono, kila mtu akanyamaza. Akaniuliza taratibu, "Ilikuwa na ukubwa gani?"

Hapo ulimi wangu mwenyewe, ninaoulisha kila siku, ukaniuza kama walivyoniuza wao. "Mama, ilijaa mbingu nzima! Kubwa kuliko kanisa, inametameta mpaka macho yanauma!"

Mama akashusha mkono.

"Baba yako aliniambia ni kama ukucha," akasema. "Aliniambia mimi tu."

"Ndiyo, mama! Ukucha! Nilipima na kidole hiki—"

Kaka akaangua kicheko. "Mmemsikia? Sasa imekuwa ukucha!"

Mama akatabasamu, tabasamu lile lile alilokuwa akimpa baba kila alipoanza hadithi yake, akanimiminia chai. "Kunywa, mwanangu. Umechoka."

Nilimtazama dada. Neno lake moja lingetosha. Akaomba sukari.

Picha ya kaka sasa ina fremu, iko sebuleni kwa mama, juu kidogo ya picha ya baba. Nikienda kumsalimia mama, nachagua kiti kinachoipa mgongo.