Moto wa Nyumbani Ndani ya Kopo

Wiki iliyopita umeme ulikatika tena hapa Kolwezi, na mama jirani akaja uani na kopo mkononi. "Tata, mutupatieko moto," alisema. Nilimwekea makaa mawili kutoka kwenye mbabula yetu, jiko la makaa, nikayafunika kwa majivu. Alishangaa: majivu ya nini, na nyumba yake ni hapo tu? Sikumweleza, angechelewa kupika. Wewe nitakueleza.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Lubudi. Mvua za kwanza zilipochipusha majani ya msitu, tulihamia kambini vilimani kuokota binkubala, wale viwavi wanaoliwa. Siku ya kwanza ilikuwa ya kutembea tu. Kiberiti kilikuwepo, bibi alikifunga kwenye pindo la kitenge chake. Lakini chungu cha kwanza cha kambi, kwake, kilipikwa kwa moto wa nyumbani. Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto, alinipa mimi niubebe, katika kopo la maziwa lenye kishikio cha waya. Sharti lilijulikana: ukikuzimikia, kesho unarudi kijijini kukaa na wadogo. Nami nilikuwa nimeingoja kambi hiyo kiangazi kizima.

"Usifungue-fungue," bibi aliniambia. "Utaimaliza."

Nilifungua. Kila tulipopumzika nilifukua majivu, nikapuliza, nikaona wekundu, moyo ukatulia. Shangazi, aliyenifuata na unga wa muhogo kichwani, hakuacha kunitania. "Baba, inaiva? Tutakula saa ngapi?" Sikucheka. Kila mara wekundu ulikuwa mdogo zaidi.

Tulipoanza kupanda kilima, mvua ikaja. Nilivua shati, nikalizungushia kopo, nikalikumbatia tumboni. Sasa sikuthubutu kufungua tena. Joto lilipungua polepole kwenye ngozi, kisha sikulisikia kabisa. Nilianza kujizoeza kurudi bila kulia.

Vibanda vya nyasi vya mwaka uliotangulia vilikuwa vimeinama, ila ndani kulikuwa kukavu. Bibi alipokea kopo, akaingiza vidole kwenye majivu hadi chini, taratibu, kama anayetafuta yai chini ya kuku.

"Inalala," alisema. "Haiyakufa."

Alichomoa nyasi kavu ukutani, akapuliza. Tulikula bukari, ugali wa muhogo, na samaki wakavu, nguo zetu zikitoa mvuke, na shangazi akaniwekea kichwa cha samaki.

Bibi na shangazi hawapo tena. Kilima kile kimekatwa ngazi-ngazi na machimbo, na palipokuwa na njia yetu hupita malori ya mawe. Binkubala nanunua sokoni, wakavu, kutoka misitu nisiyoijua.

Wiki iliyopita, siku ile ya umeme kukatika, mama jirani alipofika katikati ya uwanja, alisimama, akainamia kopo na kuanza kufukua majivu kwa kijiti. Nilimwita kabla sijafikiri.

"Usifungue, mama. Inalala tu."