Mpira wa Hewa na Blanketi la Mbulu

Asubuhi niliyoripoti kazini katika karakana ya serikali mjini Mbulu, msimamizi wa karakana hakunipa spana. Nilimwamkia, nikamwonyesha cheti changu cha kidato cha nne. Akakitazama, akanirudishia na kunipeleka mbele ya gari lililokuwa likinguruma boneti wazi. Akaniambia nisimame pale, mikono nyuma, mpaka nitakapoweza kumwambia silinda ngapi zinafanya kazi. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi kwa baridi. Nikamwambia tatu. Akasema, "Kesho utaniambia ni ipi iliyolala."

Hivyo ndivyo tulivyojifunza. Injini inayotetemeka gari likiwa limesimama, na kusita unapokanyaga mafuta, tuliitafutia ugonjwa kwa masikio na vidole. Tulichomoa waya za plagi moja baada ya nyingine. Ukichomoa waya na mngurumo usibadilike, umempata aliyelala. Kama silinda zote zilikuwa macho, tulihamia kwenye petroli: chujio limeziba, au kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, kimejaa uchafu. Mwisho tulitafuta hewa ya wizi, yaani ile inayopenya katika ufa bila kupita kwenye kabureta. Hapo ulibana mipira ya hewa, ile mirija laini iliyoshikana na injini, kwa vidole, mmoja mmoja, au ulidondoshea maji ya sabuni kwenye maungio. Penye ufa, injini iliyavuta yale maji na sauti ikageuka.

Msimamizi alikuwa na neno moja alilolirudia hadi tukalichoka: "Usiinyamazishe kabla hujaielewa."

Lakini Mbulu ina baridi, nasi mafundi wa kule tulikuwa na mazoea yetu. Kila gari la petroli lilitetemeka asubuhi, na kila dereva alilalamika. Basi tulichukua bisibisi, tukaikaza kidogo skrubu ya kabureta inayoongeza mzunguko wa injini, na gari likatulia. Tuliita kulivika gari blanketi. Msimamizi alipokuwepo hatukufanya. Akisafiri, tulifanya kutwa nzima.

Bura alikuwa dereva wa idara ya mifugo, mtu wa Tumati, mkubwa kwangu kwa umri. Alikuwa na mzaha usiokauka. Nikimwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba, daktari wa vyuma, leo umeua wangapi?" Alilipenda gari lake kuliko alivyokipenda kitanda chake. Mkewe ndiye aliyesema hivyo, si mimi.

Siku moja alilileta. Alisema linatetemeka likisimama, na mlimani linasita kabla ya kuvuta. Msimamizi alikuwa ameitwa Babati. Nilisikiliza kidogo tu, maana kulikuwa na magari mengine yakingoja. Silinda zote zilifanya kazi. Nikasema moyoni, baridi. Nikachukua bisibisi.

Bura alikuwa amekaa kwenye usukani, mlango wazi.

"Na pedali ya breki nayo imekuwa ngumu siku hizi, fundi."

"Ngumu ni mguu wako, kaka. Umezeeka."

Akacheka. Mngurumo ukawa laini, akanipungia mkono, akaondoka kuelekea mteremko wa Magara.

Wanangu mafundi mnaosoma haya, sikilizeni vizuri. Nyuma ya pedali ya breki kuna bakuli la chuma liitwalo busta. Linamsaidia dereva kukanyaga, na nguvu yake linaipata kwa mpira mnene uliounganishwa na injini. Mpira huo ukipasuka, injini inanyonya hewa ya wizi: itatetemeka, itasita, na pedali itakuwa ngumu. Dalili tatu, mpira mmoja. Kuubana kwa vidole ni kazi ya pumzi mbili. Mimi dalili mbili nilizivika blanketi, ya tatu nikaifanyia mzaha.

Katika mteremko mpira ule ulifunguka kabisa. Bura aliniambia baadaye kwamba alikanyaga kwa miguu yote miwili, ikawa kama anakanyaga jiwe, huku injini niliyoiongezea mzunguko ikimsukuma. Aliliegemeza gari kwenye ukuta wa mlima ili lisiende bondeni. Alitoka hai. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Msimamizi alikwenda mwenyewe kwenye gari. Aliporudi aliuweka ule mpira mkononi mwangu, akakunja ufa wake niuone. Mbele ya mkuu wa usafirishaji nilieleza nilichofanya, naye akanihamishia Katesh. Msimamizi alinisindikiza hadi kwenye gari, akanipa mkono. Afadhali angenitukana.

Kabla ya kuhama nilikwenda Tumati. Bura alikuwa amelala chini ya dirisha. Nilianza maneno niliyoyapanga njiani, akanikatiza.

"Lilipokuwa linatetemeka nilikuwa naliogopa, nashuka polepole. Ulipolituliza nikaliamini."

Sijasikia hukumu nyingine nzito kama hiyo. Hakuendesha tena gari maishani.

Katesh nilihudumia matrekta ya mashamba ya ngano, ambako vumbi huziba vichujio vya hewa kabla ya wiki kwisha, kisha magari ya halmashauri hadi nikastaafu. Nikafungua karakana ndogo Jorodom. Ule mpira niliutundika ukutani kwa msumari. Kila mwanafunzi aliuuliza, nami nilimwonyesha ufa, nikisema, "Mpira huu uliharibu gari." Zaidi ya hapo sikusema. Siku hizi mnachomeka mashine ndogo nayo inawaandikia kosa, na ni vizuri. Lakini nimewaona mkilifuta kosa kwenye kioo na kumrudishia mtu gari lake. Hilo nalo ni blanketi.

Kisha tope la Mlima Hanang likashuka. Wenzangu walizika watu, mimi nilizika spana, kwa hiyo sina haki ya kulia. Karakana ilifunikwa hadi kwenye mabati. Sasa naishi Gitting kwa mwanangu, na sikio la kushoto halisikii tena.

Bura alinipigia simu kunipa pole. Sauti yake imezeeka, mzaha bado umo. Aliuliza kama daktari wa vyuma amepona. Nilimwambia vifaa vyote vimekwenda.

"Na ule mpira?"

Sikujua kuwa alikuwa na habari zake. "Umezikwa, kaka."

"Basi sasa itabidi uwaambie kwa mdomo wako. Na uwaambie kwamba mpira ule ulikuwa na mtu."

Nimewaambia.