Siku Niliyoifuta Familia Yangu kwa Kidole

Pale kwenye mashine ya kukoboa hapa Ihanda kuna watu wazima, wenye wajukuu, ambao mpaka leo wananiita Mzee Kifutio, na mimi huitika, kwa sababu mtu aliyejiaibisha mbele ya ukumbi mzima wa Tunduma hana tena haki ya kuchagua jina. Basi nimeona bora nieleze mwenyewe (nilisoma mpaka darasa la nne tu, mtanisamehe mwandiko) kuliko kuendelea kusikia mambo yangu yakisimuliwa na watu ambao hata pilau ya siku hiyo hawakuionja.

Chanzo ni kishikwambi. Binti yangu wa mwisho, Sara, ambaye anashona nguo Tunduma, alivuka mpaka siku moja upande wa Nakonde, Zambia, akaninunulia hicho kisimu kipana kama daftari, akasema, baba, nikiolewa utakuwa unaniona humu. Nilikipenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu kisichoota ardhini. Akanifundisha kufungua picha na kukuza uso wa mtu kwa vidole viwili, halafu akanionyesha programu ya kusafisha picha: akachukua picha ya mama yake iliyoingiliwa na mbwa wa jirani, akapitisha kidole, ikatokea rangi nyekundu, akabonyeza alama ya vema, mbwa hayupo, na pale alipokuwa mbwa pameota majani kana kwamba hajawahi kuzaliwa. Kosa langu la kwanza ni hapo, maana muda wote mimi nilikuwa namtazama mbwa, sikutazama kidole kinapaka wapi.

Sasa lazima niseme habari za mdogo wangu Zakaria, hata kama sipendi. Baba yetu alituachia mibuni, kila mmoja upande wake. Zakaria aling'oa yake yote akapanda miparachichi, na hilo ningelivumilia, lakini alisimama kwenye kikao cha usharika akasema kahawa yangu mimi ni kuni zilizosimama. Kuni, mibuni aliyoipanda baba. Miezi kumi na minne hatukusalimiana, na mashamba yetu yametenganishwa na mfereji ambao hata mbuzi mwenye mimba anauruka.

Ilipokaribia sendofu ya Sara, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, mtoto alikuja nyumbani, akatukalisha mimi na mama yake, akasema kwa sauti ndogo, ile ya mtu ambaye hatarudia: "Baba mdogo asipokuwepo, mimi sitapanda jukwaani. Wakwe watakuta kiti kitupu." Nikaahidi. Nikamtuma mzee wa kanisa ampelekee Zakaria kadi, naye akajibu kwamba atakuja kwa ajili ya mtoto, ila akiona dalili yoyote ya kudharauliwa atageukia mlangoni. Mtu mwenye akili hapo angetulia. Mimi nikaenda kutafuta picha ya bango la kutundika ukumbini.

Picha nzuri ilikuwa moja tu, ya Krismasi ya kabla ya ugomvi, mbele ya mibuni yangu: mimi, mke wangu, Sara, kaka zake wawili na wake zao, na mwisho kabisa upande wa kulia Zakaria, mikono nyuma, anacheka kama aliyepiga hodi akakuta chakula mezani. Nikasema moyoni, aje, ale, ashibe, lakini ukutani asiwepo. Jambo dogo tu. Nani ataona?

Nikakaa barazani na miwani yangu (ina mguu mmoja, ule wa pili ni kamba), nikafungua programu, nikaweka kidole, nyekundu ikatokea. Na hapa naomba wenzangu wa Mbozi mnitetee. Mtu aliyechuma kahawa tangu utoto, ukimwekea nyekundu mbele yake, atafanya nini? Nyekundu ndiyo iliyoiva, nyekundu ndiyo unayoitia kwenye kikapu, na ya kijani unaiacha palepale mtini. Mikono yangu inajua hivyo bila kuniuliza. Kwa hiyo nikawapaka wale niliowataka, mmoja mmoja, kwa upendo mkubwa, mke wangu mpaka kilemba, Sara mpaka kucha za miguu, na mimi mwenyewe nikajipaka mara mbili ili nisije nikapotea. Kidole kikipita pembeni, narudi nyuma, naanza upya. Zakaria sikumgusa. Nilimwacha mtini.

Nikabonyeza vema. Duara likazunguka, likazunguka, chaji inakaribia kuisha, miwani inateleza, nikaona majani mengi na mtu amesimama, nikaona kazi imekwisha, nikaituma upesi kwa mtengeneza mabango wa Tunduma, na kishikwambi kikazima mkononi.

Mungu hakunitupa, alinipa nafasi ya pili. Yule mtengeneza mabango alinipigia kwenye kitochi changu, simu yangu ndogo ya vibonyezo, akaniuliza kwa adabu, mzee, naona kwenye hii picha kuna kufutwafutwa, ndivyo ulivyotaka? Nikajua ameona alama ya Zakaria, nikapandisha sauti kidogo.

"Kijana, aliyetolewa humo ametolewa kwa sababu," nikamwambia. "Usiongeze mtu, usipunguze."

"Sawa mzee," akasema. "Familia ni yako."

Siku yenyewe bango lilichelewa, likaja kufungwa wakati watu wameshakaa. Nilikuwa nimesimama karibu na jukwaa na suti yangu ya kipaimara cha Sara, nimejiandaa kujitazama. Wakaliachia likashuka, nikasikia mgeni mmoja anacheka kule nyuma, nikainua macho kwenye bango. Zakaria. Zakaria peke yake, mkubwa kama mlango wa lori, mikono nyuma, anacheka, na chini yake maandishi ya dhahabu: FAMILIA YA MZEE NZUNDA INAWAKARIBISHA. Mahali niliposimama mimi pameota mbuni. Mahali pa mke wangu imeota miwili, na hilo la miwili hajanisamehe mpaka leo.

Mke wangu alinisogelea taratibu. "Baba Elia," akasema (Elia ndiye mtoto wetu wa kwanza), "mimi niko wapi?"

Nikaenda kukaa, na hata hilo halikuwezekana. Binti mmoja wa wale waliovaa sare za ukumbi akaniinamia vizuri sana, akaniambia hii ni meza ya familia, wageni wa kawaida ni kule kwenye viti vyeupe. Nikamwambia mimi ndiye baba wa bibi harusi. Akatazama bango, akanitazama mimi, akatazama tena bango.

"Ndiyo mzee wangu," akasema. "Wewe ni baba yetu sote." Akanishika mkono akanipeleka viti vyeupe.

Na Zakaria naye ndio anaingia. Nilimwona mlangoni, ameshaliona bango, amesimama mguu mmoja ndani na mmoja nje, na uso wake sikuweza kuusoma. Nikajua ametafsiri kuwa ni kejeli, sasa hivi atageuka. Nikatazama pazia la pembeni ambako Sara alikuwa anasubiri kuitwa, nikaona ncha za viatu vyake vyeupe chini ya pazia, havisogei. Lakini kabla Zakaria hajageuka, mshereheshaji akamlinganisha na bango, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba baba mzazi huyo amewasili, wote tusimame. Sasa ndugu zangu, mahari yote ilipitia kwa mshenga, mkwe wangu Mzee Kibona wa Mbebe alikuwa hajawahi kuniona hata siku moja, na alikuwa amekuja na koti la baba, lile wakwe wanalomvisha baba wa bibi harusi. Basi wakanyanyuka upande wote wa Mbebe na vigelegele, wakamzunguka Zakaria, wakamvisha koti langu, vifungo vyote vitatu. Na mimi kwenye kiti cheupe nikajikuta napiga makofi, kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga.

Wakampa kipaza sauti. Nikafumba macho. Neno moja tu lingetosha, mimi siye, ndugu yangu amenidhihaki, na wakwe wangetazamana, na vile viatu visingetoka nyuma ya pazia.

"Wakwe zangu, mimi ni mdogo mtu," akasema Zakaria. "Baba wa mtoto ni yule pale nyuma. Mimi na yeye tulikosana. Leo kaka yangu amejifuta yeye na nyumba yake yote, ili mimi nionekane."

Akashuka, akapita katikati ya watu, akavua lile koti akanivisha, akanikumbatia, na ukumbi ukalia. Mzee Kibona alilia. Yule binti wa sare alilia. Mimi nililia kuliko wote, na watu wakasema, ona mzee alivyo mnyenyekevu. Pazia likafunguka, Sara akatoka, akapanda jukwaani, na alipokuja kunilisha keki akaninong'oneza huku anatabasamu kwa wapiga picha: "Baba, nyekundu ulimpaka nani?"

Bango tulirudi nalo nyumbani, na kwa kuwa ni turubai zuri tunaanikia maharage. Majuzi Zakaria alivuka mfereji akanikuta nimeyamwaga usoni pake, nayageuza kwa mkono, nikaona aibu, nikamwambia yote, mbwa, kahawa, alama ya vema na simu ya mtengeneza mabango. Akachuchumaa akaondoa maharage mawili kwenye jicho lake.

"Nilijua," akasema. "Mtu aliyejifuta kwa hiari haachi mdomo wazi vile."

"Sasa mbona ulisema yale?"

"Mtoto alikuwa nyuma ya pazia, kaka. Ilibidi mmoja wetu awe na akili."

Nimekirudisha kishikwambi kwa Sara, namtazama kwenye simu ya mama yake. Nyekundu naigusa shambani tu, na mtu nisiyempenda akitokea kwenye picha, na akae, nafasi ipo. Zakaria siku ile aliniachia parachichi nne kwenye mfuko. Zilikuwa tamu, na hilo naliandika hapa kwa sababu usoni pake sitalisema.