Salamu za Nyumbani Kwanza

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, mama alinituma chumvi dukani kwa Mzee Wafula, kule kwetu Bungoma, kabla sijaijua Nairobi. Duka lilikuwa hilo moja tu: sukari, mafuta ya taa, majembe, sabuni ya mche, vyote chini ya paa moja la mabati.

Mzee alikuwa na desturi yake. Mtoto hakupimiwa kitu kabla ya kutoa salamu za nyumbani, na kusema "wazima" hakukutosha. Alitaka kujua nani anakohoa, na ng'ombe amezaa au bado. Tulichoka naye, lakini tulijibu.

Siku hiyo nikasema, "Baba bado yuko Nairobi, kazi ya reli. Mama amelala."

"Amelala tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Amenituma akiwa kitandani."

Akaacha mizani, akachukua ufunguo.

"Mzee, unafunga duka kwa sababu mwanamke amelala?" akapaza sauti Barasa, fundi wa baiskeli. "Hata wangu amelala!"

Watu wakacheka.

"Wako amekuchoka wewe. Huyu halali mchana wakati wa palizi. Lete baiskeli yako."

Tulimkuta mama hawezi hata kuketi. Wakampandisha nyuma ya baiskeli, Barasa akisukuma, mzee akimshikilia, mimi nikifuata na viatu vyake mkononi. Alifariki njiani, zahanati ikiwa bado mbali. Nimemlilia miaka mingi. Lakini alikufa ameshikwa na watu, akisikia jina lake likiitwa.

Hapa mtaani Huruma, Nairobi, juzi, jirani wetu wa ghorofa ya juu alikutwa ameshafariki, peke yake. Kijana aliyekuwa akimuuzia maziwa kila asubuhi kupitia vyuma vya dirisha la duka akaniambia mimi bibi kizee, "Shosho, mi nilidhani amesafiri. Hata jina yake sijui." Alikuwa akilia. Sikumlaumu, hakuna aliyewahi kumfundisha.

Basi nakufundisha wewe. Ukimwuliza mtu habari zake, subiri jibu. Jibu lisipofanana na mtu unayemjua, acha kazi yako, nenda ukabishe hodi. Pengine utachelewa, kama sisi. Nenda tu.

Mungu akujalie, mwanangu, jirani atakayeuliza uko wapi asubuhi ileile usipoonekana.