Elia alianguka uwanjani Joburg, sisi tukakimbilia maziwa

Wakuu salaam, poleni na majukumu.

Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya. Ila jana nimekutana na uzi mwingine wa "kijana mzima kafa ghafla, kalogwa kazini kwake", nikasoma comments zote hadi mwisho, uzalendo ukanishinda. Ninachoandika nilikuwepo. Anayetaka kusema ni chai aseme, sitapunguza hata neno.

Ni mwaka 2017. Naishi Malvern, Johannesburg, natengeneza friji kwenye kibanda changu pale Jules Street. Kulikuwa na vijana wawili wa kwetu Mbeya, ndugu wa tumbo moja, Elia na mdogo wake Gidi. Wote walinzi, kazi yao Randburg. Mimi kwao ndiye bro mkubwa, kwa hiyo kila shida ilikuwa inaishia kibandani kwangu.

Elia alikuwa mzima kabisa. Hanywi, havuti, mwili wa mazoezi. Alikuwa na mchumba, Solange, Mkongo wa Lubumbashi, msusi. Ndoa ilikuwa bado haijafungwa ila sisi wote tulishamhesabu ni mke.

Jumapili baada ya kanisa huwa tunacheza mpira, wabongo na Wakongo mchanganyiko. Siku hiyo Elia akaukimbilia mpira mrefu, hakuna aliyemgusa, akaenda chini kifudifudi. Tukacheka, tukijua anatafuta penati.

Hakuinuka.

Sasa sikilizeni tulichofanya. Mtu mmoja akasema "huyu kalishwa kitu", basi, ikatosha. Watu wazima, wengine na degree zao, wakatimua mbio spaza, kiduka cha mtaani, kununua maziwa. Si mnajua, sumu dawa yake maziwa. Elia akakalishwa, akabanwa taya, akamiminiwa maziwa mtu ambaye hata hapumui. Mwingine anammwagia maji kichwani. Hakuna hata mmoja aliyemlaza akamgandamiza kifua.

Ambulance ilipofika, wale vijana walianza kwa kumsafisha maziwa mdomoni. Walihangaika naye sana pale kwenye nyasi. Ikashindikana.

Jioni kikao cha msiba. Mnajua vikao vyetu. Kabla hata hatujapanga mwili unasafirije, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wabongo akauliza swali moja tu: marehemu alikula wapi mara ya mwisho?

Alikula kwa Solange.

Watu wote wakageuka. Solange mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, akajibu bila kupandisha sauti: "Miye nilimupikia sombe, ni kweli. Na miye nilikula mu ile ile sahani. Mbona miye niko hapa?"

Sombe ni kisamvu, wakuu. Tunakila wote.

Mwenyekiti akasema mwenye dawa lazima ana kinga yake. Hebu mtu anifundishe, jibu kama hilo unalijibu vipi?

Kuanzia hapo akawa "yule mwanamke". Siku ya kuaga akina mama wa kikundi walimzuia asilisogelee jeneza. Alisimama getini mpaka gari ikaondoka.

Nimeruka kitu. Huku kifo cha ghafla kisichojulikana sababu, mwili unakwenda mochwari ya serikali na postmortem inafanyika, mtake msitake. Watu wakawaka, eti mtoto wa watu anachanwa bure. Tulipoitwa kwenda kusikiliza majibu nilikwenda mimi na Gidi tu, wenzetu walisema majibu wanayo tayari.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Akatueleza taratibu kwamba msuli wa moyo wa Elia ulikuwa mnene kupita kawaida. Ni tatizo la kurithi. Mtu anaweza kuishi nalo bila dalili, anacheza, anabeba vitu, halafu siku moja anapojituma sana ule umeme unaoendesha moyo unavurugika, moyo unatetemeka tu badala ya kusukuma damu. Kwa wengine dalili ya kwanza ndiyo kifo chenyewe. Pale pale, akasema, kinachoweza kusaidia ni kifua kugandamizwa haraka na ile mashine ya kushtua moyo.

Halafu akamgeukia Gidi: wewe ni damu moja na marehemu, nenda kapimwe, na usicheze mpira hadi upimwe.

Nikarudi kwenye kikundi, nikaeleza neno kwa neno. Nikajibiwa kwamba sumu za Kongo hazionekani kwenye mashine. Mashine gani? Yule mama aliushika moyo wenyewe mkononi mwake.

Nilichoka, wakuu. Nilichoka kabisa.

Maana Gidi alishaniambia kwamba akikimbia huwa anaona giza, na kuna siku alizimia kwenye ngazi kazini. Namwambia twende hospitali, ananijibu mama kakataa. Mama yao kwa simu alisema wazungu wakimpima watamtafutia ugonjwa, ye anamtumia mafuta ya upako. Na kikundi badala ya kunisaidia kikaandaa mechi ya kumkumbuka Elia, Gidi acheze na jezi ya kaka yake, namba ile ile. Nikipinga naambiwa nimenunuliwa na yule mwanamke.

Wiki ya mechi Solange akaja kibandani. Tangu msiba sikuwa nimemwona. Akasema, "Kaka, wamenikataza kumuzika Elia, sawa. Lakini huyu mtoto asicheze. Nipeleke kwake."

Nikampeleka hadi getini Randburg alipokuwa analinda. Gidi hakumsalimia. Solange hakubembeleza. Akamwambia, "Nichukie, lakini nichukie ukiwa muzima. Kesho asubuhi ninakungoja hospitali. Usipokuja, ile siku ya mechi nitalala katikati ya uwanja."

Asubuhi Gidi akaja, tukaenda naye, tukamkuta Solange kwenye foleni, kashatushikia nafasi.

Foleni za hospitali za umma huku mnazijua, tulikaa hadi alasiri, wao wawili hawajasemeshana. Nesi akaita jina la Gidi, akasema anaingia na ndugu tu. Akamnyooshea Solange kidole: huyu ni nani wako?

Gidi akamgeukia Solange. Kisha akasema, "Shemeji yangu. Mke wa kaka."

Solange ambaye msiba mzima hakutoa chozi mbele yetu, alilia pale mlangoni hadi nesi akamshika mkono.

Majibu: moyo ule ule wa kaka yake. Gidi sasa anatumia dawa, kawekewa na kifaa kifuani cha kuushtua moyo ukivurugika, mpira anautazama kwenye TV. Kikundi wanasema yule mwanamke alitaka kummaliza na huyu pia, kaokolewa na mafuta ya mama. Eish.

Funzo langu ni fupi. Mtu akianguka ghafla hapumui, ita msaada na ugandamize kifua kwa nguvu katikati, usiache. Maziwa weka kwenye chai. Na ukifiwa na kijana hivyo, wapeleke ndugu zake wa damu wakapimwe.

Uwanja ni wenu, pingeni mtakavyo. Ila wewe unayetaka kuniandikia habari za sumu, nijibu kwanza: mdogo wake huyo marehemu wako, mmeshampeleka kupimwa?