Dirisha Lisilo na Mapazia

Jirani wa Wietske, kama wengi mtaani mwao mjini Groningen, Uholanzi, hakuwahi kutundika mapazia. Jioni wapita njia walimwona akimenya viazi, au akichana nywele zake ndefu za mvi. "Nina nini cha kuficha, shoga?" husema, akichovya biskuti yake moja kwenye kahawa. Kwa hiyo Wietske alishangaa jirani huyo alipokuja kwake kuazima kompyuta. "Yetu mzee kaing'ang'ania," alisema, akaandika kwa kidole kimoja, skrini kaigeuzia ukutani. Tangu siku hiyo, kila Wietske alipofungua barua pepe yake ya bure, wanawake waliovaa mawigi walimtabasamia kwenye matangazo ya pembeni. Zikafuata skafu laini za vichwa vilivyonyonyoka kwa dawa za saratani. Wietske hakumwuliza mtu neno.

Alhamisi walikunywa kahawa tena, kompyuta ikiwa wazi mezani. Jirani aliwatazama wale wanawake, na mkono wake ukapanda polepole hadi kwenye nywele.

"Mume wangu hajui," alisema. "Sijamwambia mtu."

"Hata mimi hujaniambia," Wietske akajibu.

Biskuti ikamomonyokea kikombeni. Jioni ile jirani alitundika shuka la kitanda dirishani.