Mjane Wangu Hakupaza Sauti

Stoo ya shule yetu ilinuka magunia. Ilikuwa harufu ya maharage yaliyobunguliwa na wadudu, ya mafuta ya taa yaliyomwagika sakafuni kabla hatujazaliwa, na ya moshi wa kuni uliopenya kutoka jikoni, ambako makande ya shule yalichemka tangu asubuhi na kila siku yakaungua chini. Shule yenyewe ilikaa begani mwa mlima, juu ya mji wa Same. Mchana kutwa upepo wa tambarare ulitupandia na vumbi lake ukigongagonga mabati. Jioni ukungu ulitushukia kutoka juu, kwenye mashamba ya tangawizi, na sisi tulikaa katikati tukipata shida za pande zote mbili. Ndani ya stoo ile, muhula wa pili wa kidato cha tatu, nilishinda karibu mwezi mzima nikiwapigia kelele watu wanne. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na sijawahi tena maishani mwangu kuwa na uhakika wa mambo mengi kiasi kile.

Balaa hilo nilijitakia mwenyewe. Kila mwaka kwenye mahafali ya kidato cha nne wazazi walisikilizishwa kwaya, ngonjera, halafu hotuba ya mgeni rasmi, na kila mwaka waliwekewa viti kwenye jua lile lile. Mwalimu Mchomvu, aliyetufundisha Kiswahili, alikuwa amesoma insha yangu mbele ya darasa mara mbili mfululizo, na wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikasimama nikasema ngonjera zimechosha watu, ingefaa mwaka huu pawe na igizo, na igizo hilo naweza kuliandika mimi. Mwalimu akanitazama juu ya miwani. "Sawa, Namsifu. Utaliandika, na utaliongoza wewe mwenyewe. Mimi nina madaftari ya kusahihisha mpaka Krismasi." Darasa likacheka. Mimi nilisikia makofi.

Nililiandika kwa siku nne kwenye kaunta buku mpya. Lilihusu ndiva, bwawa la udongo ambalo wazee wetu walilichimba ili maji ya kijito yajikusanye usiku, alfajiri yafunguliwe na kupelekwa mashambani kwa zamu, kila kaya na siku yake. Katika igizo langu mgawa maji anamruka mjane mmoja zamu yake, mahindi yake yananyauka, mjane anapeleka kesi barazani na kutoa hotuba ya kurasa mbili, wazee wanatokwa na machozi, maji yanarudi. Sisi Wapare tunasemwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili kuendesha kesi ya kuku, kwa hiyo nilijua kesi itawapendeza watu. Habari yenyewe sikuitunga. Niliwasikia akina mama wawili wakiizungumza nje ya kanisa, kwamba kule juu ya shule kuna mjane amerukwa misimu miwili. Sikuuliza jina lake. Niliichukua habari ile kama mtu anavyochuma pera lililoning'inia njiani.

Nilipotangaza kwamba nahitaji waigizaji, walikuja kumi na saba, na nikafurahi, mpaka nilipogundua kwamba wamekuja kukwepa kumwagilia bustani. Baada ya wiki moja walibaki wanne, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuigiza kitu chochote zaidi ya kujifanya mgonjwa siku ya mtihani wa hesabu. Mbonea, mrefu kuliko mlango wa stoo, alikuwa mzee wa baraza. Eliamini alikuwa mgawa maji. Zubeda, binti wa muuza vitambaa wa Same mjini, mwenye sauti iliyofika bwenini bila kutumwa, alikuwa jirani wa mjane. Na mjane alikuwa Nakunda, msichana wa kidato chetu ambaye nilikuwa nimekaa naye darasa moja miaka mitatu bila kukumbuka hata sentensi moja aliyowahi kusema. Wasichana wengine waliikataa nafasi ile, wakisema kujiita mjane ni kujitabiria mkosi. Nakunda alinyoosha mkono tu.

Mchagua jembe si mkulima, nilijiambia, nikaanza kazi. Eliamini alikariri kila kitu kilichoandikwa kwenye karatasi, yakiwemo maelezo ya mwandishi. Alikuwa akisimama wima mkono ukiwa kiunoni na kutamka kwa sauti kuu: "Anaingia kwa hasira. Nani kafungua maji?" Nilimweleza kwamba maneno ya kwanza hayasemwi, yanafanywa. Akaitikia vizuri, akatoka, akarudi, akasema, "Anaingia kwa hasira." Mbonea alikuwa na haya ya kutazamwa, hivyo alitoa hukumu zake akiwa ametugeuzia mgongo na kuyaangalia magunia, kana kwamba yamemkosea yale maharage. Zubeda alipaswa kulia, na kila alipofikia kilio alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akaomba radhi, akainuka, akacheka tena. Nikawakemea. Nikawaonyesha mimi mwenyewe namna ya kuingia, namna ya kulia, namna ya kuhukumu, nikiruka kutoka nafasi moja hadi nyingine huku nikikohoa vumbi. Walinitazama kwa upole kama watu wanaomtazama mgonjwa.

Lakini aliyenimaliza ni Nakunda. Ile hotuba ya kurasa mbili, fahari yangu, aliikariri yote bila kukosea, na akaisema yote kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya siri. Nilimsogeza mbele. Nilimpeleka mwisho wa stoo. Nilimtoa nje, asemee huko, upepo ukayachukua maneno yote ukaenda nayo Same. Zikiwa zimebaki siku kumi, nilipomsikia akinong'ona "Enyi wazee wangu, haki iko wapi?" kwa mara ya ishirini, nililitupa daftari sakafuni. "Kwenu hakuna hata kuku?" nikamwambia mbele ya wenzake. "Hata kuku akikanyagwa analia. Wewe umeumbwa na nini?" Alivua ile khanga ya ujane, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya gunia, akatoka.

Nitakuwa mkweli: nilichosikia kwanza hakikuwa majuto, ni ghadhabu, kwamba siku kumi zimebaki na sina mjane. Nikageuka niwalaumu waliobaki. Zubeda, ambaye kitanda chake kilikuwa juu ya cha Nakunda bwenini, kwa mara ya kwanza mwezi ule hakuwa akicheka. "Wewe Namsifu," akasema taratibu, "hivi hujui? Huyo mjane uliyemwandika ni mama yake." Mbonea akatazama magunia. Eliamini akatazama viatu vyake. Wote walikuwa wanajua. Mwenye kovu usidhani kapoa, wanasema watu wazima, na mimi nilikuwa nimelichokonoa kovu la mtu kila jioni nikimwambia apaze sauti.

Nilimkuta kesho yake kwenye karo la kufulia, nyuma ya bweni, mikono ikiwa kwenye povu. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya msamaha, marefu, yenye methali mbili ndani. Yote yakanitoka kichwani.

"Nisamehe," nikasema. "Sikujua."

"Ungejua, ungeandika nini?" akauliza bila kuinua uso.

Aliikamua sketi, akaikung'uta, akaianika. Kisha akaniambia, kwa ile sauti yake ndogo ambayo pale karoni niliisikia vizuri kabisa, kwamba mama yake hakutoa hotuba. Alikwenda alfajiri na jembe lake, akakaa kwenye mlango wa ndiva, mahali maji yanapotokea. Alikaa alfajiri tatu. "Hakusema kitu. Angepaza sauti wangesema kifo cha baba kimemchanganya akili, wakamwondoa. Kwa hiyo alikaa kimya."

"Wakampa maji?"

"Hawakumpa. Walimzunguka wakafungua upande wa pili." Akachukua shati jingine. "Kwenye igizo lako anapewa. Ndiyo maana nilinyoosha mkono. Lakini maneno yale hayapiti mdomoni, Namsifu. Siyo yake." Kisha akanieleza jambo lililonifanya nitamani kuliacha igizo zima: kaka yake alikuwa anamaliza kidato cha nne, mama yao atakuja mahafali, na mgawa maji naye ana mtoto anamaliza, atakuja pia. Nikamuuliza kama anataka tuache. Akafikiri. "Hapana," akasema. "Nipe jembe tu."

Jioni ile nilichukua rula nikaikata ile hotuba, mstari kwa mstari, kurasa zote mbili. Sitajisifu kwamba nilifanya hivyo kwa moyo mweupe. Nilikata huku nimenuna, na kila mstari mzuri nilioufuta niliona kama ninang'olewa jino. Hata sasa naikumbuka sehemu moja kuhusu machozi na mvua ambayo, kwa bahati nzuri ya Kiswahili, hakuna aliyewahi kuisikia nje ya stoo ile.

Siku ya mahafali mgeni rasmi alichelewa kwa saa tatu. Wazazi walikuwa wameshakula vumbi la kutosha, wazee wa milimani wakiwa na makoti yao mazito waliyoshuka nayo alfajiri, wafanyabiashara wa mjini wakiwa na kofia na kanzu, wote wakijipepea kwa ratiba. Mimi nilijificha nyuma ya shuka mbili tulizozifanya pazia. Eliamini, niliyekuwa nimemtibu kabisa, aliona ule umati, akapauka, akaweka mkono kiunoni. "Anaingia kwa hasira!" akatangaza. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nililiuma daftari langu, na si kwa mfano, niliacha alama za meno. Mbonea aliingia akiwageukia watu, jambo la ajabu, lakini bei ya muujiza huo ilikuwa kusahau kila neno. Akasimama. Akasimama sana. Halafu akaanza kuuliza maswali kwa Kipare, maswali marefu ya kuzungukazunguka, vile vile ambavyo babu yake angeuliza, kwamba mjane huyu ni wa ukoo gani, na kama watu wa mume wake walishiriki kuchimba ndiva, na nani shahidi. Wazee wa mbele wakaanza kumjibu! Igizo langu likawa limeniponyoka mikononi, linakwenda kwa miguu yake.

Ndipo Nakunda akaingia na jembe. Alitembea mpaka katikati, akakaa chini kwenye vumbi, akaliweka jembe mapajani. Zubeda alikuwa na maneno ya kusema hapo, ya kumsihi jirani yake aende nyumbani. Alifungua mdomo, akamtazama mwenzake, akaufunga. Akaenda akakaa kando yake, na machozi yaliyokataa mwezi mzima yakamtoka yenyewe. Kicheko kikapungua, kikaisha. Tukabaki na upepo kwenye mabati. Mbonea alitakiwa sasa kutoa hukumu yangu ya nusu ukurasa, na nilimwona kutoka nyuma ya shuka: hakuwa nayo hata silabi moja. Kimya kikazidi kile ambacho mtu anaweza kuvumilia. Kutoka viti vya wazazi bibi mmoja akapaza sauti, "Mpeni maji!" Mwingine akaitikia, "Mpeni maji!" Likawa benchi zima, kisha uwanja, wa milimani na wa mjini, "Mpeni! Mpeni!" Na Mbonea, akiwa ametishika kwelikweli, akainua mikono miwili akasema, "Haya, apewe."

Hukumu yangu yote ikawa maneno mawili. Niliwatafuta kwa macho wale wazazi wawili alionitajia Nakunda. Katika mstari wa tatu mwanamume mmoja alikuwa akiisoma ratiba kwa makini, ameishika juu chini. Nyuma zaidi, mwanamke mwembamba hakupiga kelele wala makofi. Mikono yake ilitulia juu ya pochi yake, na alikuwa akimtazama binti yake.

Mimi nililia nyuma ya stoo kwa hasira. Mwalimu Mchomvu akanikuta. "Unalia nini, na watu wamefurahi?" Nikamwambia hawakusema hata sentensi moja niliyoandika. Akafikiri kidogo. "Walisema moja," akasema. "'Anaingia kwa hasira.' Hiyo ni yako." Akaenda zake akicheka, na nilimchukia kwa wiki nzima.

Sitadanganya kwamba maji yalirudi kesho yake. Muhula uliofuata Nakunda aliniambia, tukiwa kwenye foleni ya chakula, "Tumepewa Alhamisi. Nusu zamu." Nani aliamua, na kwa nini, hakusema, na safari hii nilikuwa nimejifunza kutouliza ili niandike.

Leo nafundisha Kiswahili huku Usangi, Upareni, na wanafunzi wangu wanaigiza vizuri kuliko watu wangu wanne walivyoota kuigiza. Wamekua wakitazama waigizaji kwenye simu za wazazi wao. Wanajua kugeukia kamera, wanajua kulia kwa amri. Kosa likitokea wanafuta, wanarudia. Siwezi kusema zamani ilikuwa bora, kwa sababu zamani hiyo ilimkalisha mama wa mtu alfajiri tatu bure. Siku hizi kamati za maji nyingi zina daftari la zamu, na wanawake wamo. Kinachonisumbua ni kwamba igizo likishakuwa kwenye simu, hakuna bibi anayeweza kulijibu kutoka benchi la nyuma likamsikia.

Muhula uliopita msichana mmoja wa kidato cha tatu aliingia ofisini akihema, karatasi zimekunjamana mkononi. "Shikamoo mwalimu. Hawanisikilizi. Wanabadilisha maneno yangu." Nilikuwa na mengi ya kumwambia kuhusu subira, na nikakumbuka jinsi nilivyowachukia wote walioniambia habari za subira. "Marahaba. Nani kabadilisha?" nikauliza. Akanitajia. "Umemuuliza kwa nini?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi na mtu asiyejua kazi ile ilivyo ngumu. Akasonya, kwa chinichini, kama mwanafunzi anavyosonya mbele ya mwalimu wake, akatoka kwenda kumwita amuulize.